Keya, Mgambo na Basalama: Ulinzi wa Vijiji Vyetu na Watu Waliorudi kutoka Vitani

Wasomaji wa kitabu hiki cha ukumbusho watakuta katika kurasa nyingine habari za mbegu, za mizani, za dawa ya wadudu na za malipo ya wakulima. Hiyo ndiyo kazi ya Chama Kikuu, na ni haki itangulie. Lakini siku Bodi ilipotuita kupanga kurasa hizi, mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango aliuliza swali ambalo hatukuwa tumeliandalia jibu: "Pamba ikilala ghalani, nani hulala nje?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza, na Mwenyekiti akatugeukia sisi wa ofisi ya katibu. Ndivyo kazi hii ilivyotuangukia.

Mwanzo tuliidhania kazi nyepesi. Tuliona yatosha kuandika orodha ya maghala na idadi ya walinzi. Lakini tulipozunguka Bariadi, Itilima na Maswa kuyatazama maghala ya vyama vya msingi, tukawakuta wazee wengi katika ulinzi, na mara nyingi mzee akiulizwa alijifunzia wapi kukesha, alitaja jeshi au mgambo. Mmoja alitaja Uganda. Mwingine alimtaja babaye aliyekuwa Keya akaenda Burma. Hapo tukafahamu kwamba habari za ulinzi wa vijiji vyetu na habari za watu waliorudi kutoka vitani zimefungwa kamba moja. Tukafahamu tena kwamba ndani yake limo deni, na sehemu ya deni hilo ni ya ushirika wenyewe. Tutalisema mahali pake.

Msomaji asiyekaa katika nchi ya pamba huenda akauliza chama cha wakulima kina shughuli gani na ulinzi. Pamba hupandwa tangu Novemba, na ununuzi kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Mei. Fedha ya mwaka mzima huingia kijijini kwa majuma machache, wala haikai sana kabla ya kugeuka kuwa bati, ada ya shule, mahari au ng'ombe. Ng'ombe ndiye benki ya Msukuma, na benki hiyo haina mlango wa chuma. Hulala ndani ya boma la miiba. Hivyo mkulima wa huku ana hazina mbili, moja imo katika magunia na ya pili ina miguu yake yenyewe, na zote mbili huibwa usiku.

Zamani za watemi, katika himaya za Ntuzu, Itilima, Kanadi na jirani zao, hapakuwa na mlinzi wa mshahara. Ulinzi ulikuwa wajibu wa kila mwenye nyumba. Akitokea mwizi au simba, ulipigwa mwano, yaani ukunga wa hatari, na kila mwanamume aliyeusikia alipaswa kutoka na upinde wake na kuupokea, ili walio mbali zaidi nao wausikie. Aliyebaki kitandani alikuwa na maswali ya kujibu asubuhi. Vijana nao walikuwa na umoja wao wa kulima kwa zamu, chini ya kiongozi waliyemchagua wenyewe, nsumba ntale. Twayataja haya kwa kuwa wako watu wanaosema ushirika uliletwa na Wazungu. Sheria ya ushirika ililetwa, na ile ya kwanza ya Tanganyika ni ya mwaka 1932. Desturi ya kulima pamoja na kuitikia mwano haikungoja sheria hiyo.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Bariadi ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Maswa katika Jimbo la Ziwa. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini kabla vita havijaisha, wengine kwa hiari yao, wengine kwa kuandikwa na watemi ambao nao walikuwa wameamriwa na boma. Waliitwa Keya, kwa herufi za kikosi chao. Walipigana na Waitaliano Uhabeshi katika mwaka 1940 na 1941, wakaenda Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika yao, matope yakiwafika magotini na malaria ikiwaangusha. Mkulima wa pamba ambaye hajavuka mto Simiyu alijikuta akimkabili Mjapani.

Vita viliisha mwaka 1945, wakarudi. Fedha ya kuagwa walipewa, lakini ilipimwa kwa rangi: karatasi za Serikali ya Kiingereza zilizofichuliwa hadharani mwaka 2019 zimeonyesha kwamba askari mzungu wa jeshi hilo hilo na cheo hicho hicho aliweza kupata hadi mara tatu ya aliyopata Mwafrika. Wazee hawakuhitaji karatasi hizo. Walijua wenyewe walichopokea na walichoona wenzao wakipokea. Baada ya hapo, kijijini hapakuwa na ofisi yoyote ya kumtazama askari aliyerudi. Aliyerudi mzima alishika jembe. Aliyerudi na kilema, au na usingizi usiokuja, alitunzwa na mama yake, na ndugu zake, na mke wake kama alikuwa bado yupo. Katika nyumba moja ya Itilima tumesimuliwa na mjukuu kwamba babu yake, kwa muda wote wa uhai wake, hakukubali kulala katika nyumba yenye mlango uliofungwa; alilala barazani, na kwa sababu hiyo majirani walihesabu kwamba wamepata mlinzi bila kumlipa. Hatujui kama walimfikiria kuwa mgonjwa. Mjukuu alisema neno hilo halikutajwa kamwe.

Wako wanaoandika kwamba Keya ndio walioanzisha vyama vya pamba. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Waliosimama mbele walikuwa wakulima, walimu, makarani na wafanya biashara. Aliyejulikana zaidi ni Bwana Paul Bomani, katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika cha Mwanza, na vita vyao vya kwanza vilikuwa na mzani: walitaka pamba ya mkulima ipimwe mbele ya macho yanayojua kusoma namba. Mwaka 1952 kikaja chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vya msingi vikaungana katika Victoria Federation. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1950 pamba ya Jimbo ilikuwa ikipita katika mikono ya wakulima wenyewe. Mahali pa Keya katika kazi hiyo palikuwa pembeni kidogo, lakini palikuwapo. Jeshi lilikuwa limewafundisha wengi wao kusoma, kuendesha motokaa na kusimama zamu, na chama kichanga chenye nyumba iliyojaa pamba na kasha la fedha kilihitaji mambo hayo matatu. Mtu aliyelinda ghala la risasi Uhabeshi hakuona taabu kulinda ghala la pamba Ntuzu.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda upesi, nasi tutayapita upesi. Mwaka 1963 utemi uliondolewa katika utawala. TANU ikaweka mabalozi wa nyumba kumi kumi, na balozi akawa ndiye wa kwanza kuamshwa usiku. Mwaka 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka wananchi wenyewe wafundishwe kujilinda, na mgambo ikaingia vijijini: wakulima walipanga mistari jioni, wakibeba fimbo mahali pa bunduki. Mwaka 1974 watu wakahamishiwa katika vijiji. Twaomba msomaji alitie moyoni jambo hili, maana lina uzito kuliko linavyoonekana. Waliokuwa wamezoeana tangu enzi za babu waliwekwa mbali mbali, na wageni wakawekwa mlango kwa mlango. Mwano huitikiwa na watu wanaojuana sauti.

Na mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, pamoja na Nyanza uliorithi kazi ya Victoria Federation, na pamba ikapewa mamlaka ya umma. Mwaka huo huo, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ulifanyika msako wa watu walioshukiwa kuhusika na mauaji ya vikongwe, na miongoni mwa waliokamatwa wako walioteswa wakafa mikononi mwa dola. Aibu ile ilikuwa kubwa hata mapema mwaka 1977 mawaziri wakajiuzulu, Mheshimiwa Ali Hassan Mwinyi akiwa mmoja wao, naye alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Alifanya jambo la heshima. Lakini huku vijijini jeraha halikupona kwa barua ya waziri; watu walibaki na hofu ya mwizi, hofu ya mchawi, na sasa hofu ya polisi juu yake.

Katika hali hiyo ndipo vita vya Kagera vilipotukuta. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwezi wa Oktoba 1978. Mwalimu Nyerere akaitangazia nchi tarehe 2 Novemba kwamba tutapigana. Jeshi letu, lililokuwa na askari wapatao 40,000, likakua hadi kupita 100,000 kwa miezi michache, na wengi wa walioliongeza walikuwa wanamgambo: wakulima, wavuvi, makarani, vijana wa vijijini. Kutoka huku walikwenda. Ng'ombe nao walikwenda, kwani wananchi walichanga mifugo na chakula kwa ajili ya jeshi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwezi wa Juni majeshi yetu yakafika mpaka wa Sudan. Waliokufa wengi wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba.

Mzee mmoja ambaye habari zake tutazirudia alikuwa na umri wa miaka ishirini alipokwenda. Alituambia kwamba hakuogopa sana mizinga. Alichoogopa ni kutembea. Walitembea tangu Mutukula hata Kampala na kupita, na miguu yake, asema, bado iko njiani. Aliporudi mwaka 1979 alipokelewa kwa ngoma siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kuitafuta sabuni na hakuipata.

Maana nchi aliyoirudia ilikuwa imekauka. Vita viligharimu kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 500. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, maduka yalikuwa matupu, pamba ililipwa kwa kuchelewa, na chama ambacho zamani kingemkopesha jembe la ng'ombe hakikuwapo tena. Tena tofauti moja ilianza kuonekana. Askari wa kudumu alikuwa na namba, na mshahara, na mwisho wa utumishi kiinua mgongo. Mwanamgambo alirudishwa shambani. Walipigana handaki moja, lakini katika daftari hawakuwa watu wa namna moja. Hatuandiki haya kwa kuilaumu Serikali, iliyokuwa na mzigo usiopimika wakati ule. Twaandika kwa sababu wengi wa waliokwenda kutoka vijiji vyetu walikuwa wa namna ya pili.

Bunduki nazo zilirudi. Si zote zilizochukuliwa vitani zilizofika katika ghala la Serikali, na wachunguzi walioandika juu ya wizi wa mifugo katika nchi za jirani upande wa Mara wameonyesha jinsi silaha hizo zilivyougeuza wizi wa usiku kuwa vita vya mchana. Nasi hapa tuliona mabadiliko hayo hayo. Mwizi wa zamani alitambaa, akafungua boma, akaondoka na ndama. Mwizi wa mwaka 1980 alikuja na wenzake kumi na bunduki, akapiga hewani, akaswaga zizi zima. Polisi walikuwa mbali, bila gari, au walikuwa na gari bila petroli. Wako pia waliosemekana kula pamoja na wezi. Kesi ilipofika mahakamani ilikosa shahidi, mshitakiwa akarudi kijijini akicheka.

Basi katika mwaka 1981 na 1982, katika sehemu za Kahama, mpakani mwa Usukuma na Unyamwezi, watu walianza kujipanga upya. Walijiita Basalama, watu wa salama. Wengine wakawaita Sungusungu, kwa jina la wale chungu weusi waendao kwa safu na kuuma kwa pamoja. Mwingereza Ray Abrahams, aliyekuwa ameyachunguza maisha ya Wanyamwezi kwa miaka mingi, aliandika juu yao mapema, na amekiri jinsi jambo lile lilivyoenea kwa kasi. Kwa muda mfupi lilikuwa limefika Shinyanga yote, Mwanza na Tabora. Kila kijiji kilimchagua ntemi wake, si yule wa ukoo aliyeondolewa mwaka 1963 bali wa kazi hii, pamoja na katibu, na kamanda, na askari wake. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale. Filimbi zikaongezwa juu ya mwano wa zamani, zikilia nyumba hata nyumba, na mwizi aliyekuwa akiswaga ng'ombe alisikia nchi nzima ikipiga kelele mbele yake.

Kamanda aliteuliwa nani? Mara nyingi, kwa habari tulizokusanya, alikuwa yule aliyerudi kutoka Uganda. Alijua kupanga doria, kuziba njia, kutuma watu wawili mbele na kuwaacha wawili nyuma. Kijiji ambacho hakikuwa na pensheni ya kumpa kilimpa cheo, na twadhani kwa wengi cheo hicho kiliponya jambo ambalo dawa haikuliponya. Mzee wetu alikuwa kamanda kwa miaka saba. Alisema hiyo ndiyo miaka aliyolala vizuri, ingawa hakulala.

Wizi ulipungua. Hilo hata maadui wa Sungusungu hawakulikana. Ng'ombe walilala bomani, na watu walianza tena kusafiri usiku. Lakini ukweli hauna upande mmoja. Baraza la Basalama lilikuwa mwendesha mashitaka, na hakimu, na mtekelezaji wa hukumu, kwa siku moja chini ya mti mmoja. Faini ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe mmoja aghalabu aliliwa hapo hapo. Asiyelipa alitengwa: hakuna aliyemsalimu, wala aliyempa moto au maji. Wengine walipigwa. Wengine waliuawa. Na waliotafuta wezi walianza kuwatafuta wachawi. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi alikuwa hatarini mbele ya watu wale wale waliosema wanamlinda. Mauaji ya vikongwe yalikuwapo kabla ya Basalama na yameendelea baada yao, na mkoa wetu umetajwa katika habari hizo kwa aibu. Kijana anayesoma kitabu hiki asikubali kuambiwa kwamba hiyo ni mila. Mila yetu ilikuwa mwano, na bibi kizee naye alikuwa na haki ya kuupiga akaitikiwa.

Serikali ilisita. Mahakama ziliwafunga baadhi ya Sungusungu kwa mauaji, ilhali viongozi wa Chama cha Mapinduzi waliona mbele yao umma uliojipanga bila kugharimu hazina. Mwishowe, mwaka 1989, Bunge lilizirekebisha sheria za mgambo, na vikundi hivyo vikatambuliwa na kupewa uwezo wa kukamata. Uwezo wa kukamata haukuwa uwezo wa kuhukumu, lakini kijijini tofauti hiyo imesomwa na wachache.

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na vyama vikuu vikasimama tena kuanzia mwaka 1984, vikiwa vimekwisha kupoteza mali na watu. Mwaka 1994 ununuzi wa pamba ukafunguliwa kwa wafanya biashara binafsi. Tutaliacha jambo hilo kwa waandishi wa kurasa nyingine, ambao wana maneno mengi juu yake kuliko sisi. Kwa upande wa ulinzi, mwaka 2006 Jeshi la Polisi lilianza kuhubiri polisi jamii na ulinzi shirikishi, na wazee walitabasamu, kwani waliuona ulinzi huo kuwa mwano uliovalishwa sare. Mkoa wa Simiyu ukazaliwa mwaka 2012, wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao yake yakawa hapa Bariadi. Kuanzia msimu wa 2018 Serikali ikaagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi. Fedha ikarudi katika vijumba vyetu vya mabati, na swali la nani hulala nje likarudi pamoja nayo.

Na waliopigana, wametunzwaje? Askari wa kudumu aliyestaafu hupata haki yake ya Hazina. Mashujaa hukumbukwa kila tarehe 25 Julai. Keya walikumbukwa na Uingereza mwaka 2018, ilipotangaza fedha za kuwalisha milo miwili kwa siku wale waliobaki katika nchi za Jumuiya ya Madola. Lakini kwa Keya wengi chakula hicho kilipikwa wamekwisha kuzikwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa mzee asiye na uwezo, na mzee wetu ana kadi, ingawa mara nyingine hurudi nyumbani na kadi bila dawa. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70, pasipo kumwuliza alikuwa nani. Huku kwetu mwanamgambo wa mwaka 1978 ana shamba lake, watoto wake na jirani zake. Na kama ana bahati, ana lindo katika ghala la chama.

Sasa twafika kwenye lile deni. Katika msimu wa tatu wa Chama Kikuu chetu, ghala la chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja, lilivunjwa usiku. Magunia saba ya pamba na mzani mmoja yakatoweka. Mlinzi wa zamu alikuwa mzee huyo tuliyemtaja. Alieleza kwamba homa ilimshika saa nane usiku akaingia ndani kuchukua blanketi, na nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka ghalani. Hakuna aliyemsikia akipiga filimbi, kwa kuwa hakupiga. Jumapili yake Sungusungu waliitisha baraza. Wengi wao walikuwa vijana ambao baba zao yeye mwenyewe aliwafundisha doria. Sisi tulitumwa na ofisi tuandike kumbukumbu.

Aliulizwa mara tatu kama alishirikiana na wezi. Mara tatu alinyamaza. Katika desturi ya jeshi alilolijua, alitueleza baadaye, mtu aliyeacha lindo hana la kusema, hata kama hakuiba. Alikuwa akijibu kosa lake la kweli, nao walikuwa wakimwuliza kosa jingine. Baraza likamtoza ng'ombe watatu. Na sisi, tuliosoma hata kidato cha nne, tuliokuwa na kalamu na karatasi na akili timamu, tuliandika neno moja: "Amekubali." Hakuwa amekubali. Alikuwa amenyamaza. Tulijua tofauti ya maneno hayo mawili, lakini jua lilikuwa kali, watu walitaka kuondoka, na neno hilo lilikuwa fupi.

Ng'ombe mmoja aliliwa jioni ile. Wawili waliuzwa mnadani, na fedha ikaingizwa katika hesabu ya chama cha msingi kufidia pamba. Baada ya miezi minne mzani ulipatikana wilaya nyingine, katika nyumba ya watu ambao polisi hawakuona uhusiano wowote baina yao na mzee. Walikiri kwamba walilitazama ghala kwa majuma mawili na kungoja usiku mlinzi atakapoondoka hata kwa dakika chache. Chama cha msingi kikamrudishia mzee ndama mmoja. Walipoulizwa juu ya waliobaki, viongozi walijibu kwamba hukumu haikuwa ya chama, ilikuwa ya Sungusungu. Sungusungu walijibu kwamba fedha haikuingia kwao, iliingia katika chama. Wote wawili walionyesha karatasi yetu, iliyosema amekubali.

Tulikwenda kwake kumwomba radhi. Alitukaribisha kivulini na michembe na uji, akatuacha tuseme yote. Kisha akauliza kama tulikuja kwa baiskeli au kwa pikipiki, maana mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa Dutwa. Hakutaja ng'ombe. Mkewe ndiye aliyetaja, tulipokuwa tukiondoka. Alisema ng'ombe mmoja wa wale wawili waliouzwa alikuwa amewekwa kwa ajili ya mahari ya mwana wao mdogo, na mwana huyo amekwenda machimboni hajarudi.

Tangu hapo mambo mawili yamebadilika katika vyama vinavyotusikiliza. Ghala hulindwa na watu wawili kwa zamu, sio mmoja, na mmoja wao ni kijana. Mlinzi akiugua, zamu yake huchukuliwa bila kukatwa ujira. Kadhalika tumekataza karani wetu yeyote kuandika kumbukumbu za baraza lisilo la ushirika. Shitaka la wizi hupelekwa kituo cha polisi, na Sungusungu hubaki na kazi yao ya kukamata kama sheria ya mwaka 1989 inavyosema. Mambo haya hayakupita kirahisi. Wako wajumbe waliosema kwamba polisi wakiachiwa kila kitu tutarudi mwaka 1980, na hatukuwadharau, maana baadhi yao waliuona mwaka huo kwa macho yao.

Mzee angali analinda. Filimbi yake ni ile ile ya zamani, ya chuma, imeliwa na kutu karibu na mdomo. Kijana wa zamu yake ametuambia kwamba usiku humsimulia habari za Mutukula, lakini hamsimulii habari za baraza.

Bodi imekubali ukurasa huu uchapwe kwa sharti kwamba jina la mtu wala la chama cha msingi lisitajwe, nasi tumelitimiza sharti hilo. Masahihisho ya kumbukumbu ile, pamoja na shauri la kurudisha thamani ya ng'ombe waliobaki, yamewekwa katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao. Ni namba 7, baada ya hesabu za mwaka na kabla ya uchaguzi wa viongozi.